Isale la Basili

Amani, juu ya Muheza
4 Machi 2001

Mpwa wangu mpendwa Theopista,

Pokea salamu nzito kama mkungu wa ndizi, uzishike kwa mikono miwili zisikuvunje mgongo. Mimi mjomba wako ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti ni kosa la basi, si la umri. Je, ninyi huko Mwika? Mama, bibi yako, analalaje siku hizi? Kile kifua kimelegea? Msomee barua hii polepole, na ukifika penye sifa zangu upaze sauti, maana sikio lake la kulia limechoka.

Nimefika. Kutoka Moshi hadi Muheza nilikaa kiti cha mbele, kwa sababu dereva alinitazama akaona huyu si mtu wa kukaa nyuma. Pale Mombo tukapata pancha, na ni mimi niliyeinua basi kwa mabega wenzangu wakiwa bado wanatafuta jeki. Sisemi ili nisifiwe. Kondakta ni shahidi, ingawa jina lake sikulishika.

Muheza nikapanda lori la chai. Theo, huku ni kijani mpaka macho yanauma! Msitu unaanzia chini mtoni unapanda hadi mawinguni, na miti yake imevaa majani mengine juu ya majani yake, kama mama wa Mwika siku ya gulio. Mto wao mkubwa unaitwa Sigi, na vijito ndiyo usiseme, kila unapogeuka unasikia maji yanateta. Halafu msitu unakatika ghafla na chai inaanza, kilima baada ya kilima, imekatwa juu ikalingana kama vile Mungu alipitisha kiganja. Wachumaji wanasimama ndani yake hadi kiunoni, kikapu mgongoni, vidole vinakwenda kama vya mpiga kinanda wa parokia. Ni pazuri, sikatai. Lakini hiki wanachokiita mlima, sisi tungekipanda mahindi. Nimewaambia. Nimewaambia pia kwamba nilipokuwa kijana nilifika kilele cha Kibo bila viatu, nimembeba Mjerumani mgongoni, naye akiimba. Walinyamaza wote kwa heshima.

Na jana nilipoteremka mtoni kunawa nilikutana na chui. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyenipisha.

Sasa habari ya isale, jani lile nililokabidhiwa. Mwambie mama liko salama. Shina lake limo ndani ya majani makavu ya mgomba, nayalowesha asubuhi na jioni, na fundo alilolifunga kwa mkono wake sijaligusa. Ndani ya basi mama mmoja wa Korogwe aliniuliza, "Baba, hiyo ni dawa ya nini?" Nikamwambia, "Mama, kwetu Uchaggani hii si dawa, ni neno. Mtu aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo, hata kama ulikuwa umeshanoa panga unalirudisha ukutani. Halikataliki." Akasema, "Kumbe. Na wewe umemkosea nani?" Nikamwambia mimi nimetumwa tu, ni mama yangu anampelekea mwanawe. Yule mama akatazama nje dirishani, kisha akasema, "Mzazi amwombe mtoto?"

Swali hilohilo nilimuuliza mama siku ananikabidhi, nawe ulikuwepo ukichambua maharage. Unakumbuka alivyosema: "Nilimfukuza mwanangu kwa ajili ya mibuni, na leo mibuni hiyohiyo ndiyo kuni zangu. Nenda. Umpe mkononi. Si kwa mkewe, si kwa jirani. Mkononi mwake."

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukuelewa. Miaka kumi iliyopita kaka Basili aling'oa ule mstari wa mibuni ya baba kando ya mfereji ili apande nyanya. Mama akamwambia mbele ya ukoo mzima: aliyeng'oa alichopanda baba yake hatalala katika ardhi ya baba yake. Kulipokucha kaka hakuwepo. Leo Mwika nzima inang'oa kahawa, hata mimi nimeng'oa, na hakuna aliyeniambia neno.

Yule fundi cherehani wa Himo aliyetuambia kaka yuko huku hakusema uongo. Hapa wanamjua Mchagga mmoja aliyeingia kwenye chai miaka ile, yuko kambi ya ng'ambo ya mto. Kesho navuka.

Msalimie mke wangu Eunike, mwambie asiuze jembe langu.

Ni mimi mjomba wako,
Melkior, mpishwa na chui


Mwika
14 Machi 2001

Mjomba Melkior,

Shikamoo. Pole na safari na magoti. Sisi ni wazima kwa kiasi. Mvua imeanza kunyesha vizuri, mfereji umejaa, na watoto wangu wa chekechea wanakuja shuleni na matope hadi masikioni.

Barua yako ilifika parokiani Jumatatu. Nilimsomea Bibi kando ya jiko na nilipaza sauti kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye basi uliloinua kwa mabega akasema, "Huyo siku ya Krismasi alishindwa kuinua debe la pombe ya mbege." Nikafika kwa chui. Akasema, "Chui gani asiyekimbia mdomo ule!" Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa sana tukaacha kusoma.

Kifua hakijalegea, Mjomba. Chakula chake sasa ni mtori mwepesi wa ndizi, vijiko vichache tu, tena mpaka mama yangu Bernadetha amwimbie kama mtoto. Lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Wiki iliyopita ameagiza migomba ya karibu na kaburi la Babu ikatwe, ile mizuri. Nikamwambia, "Bibi, ile ina mikungu michanga." Akaniambia, "Kata. Basili atajenga hapo. Mtu uliyemfukuza mwenyewe humrudishi kwenye chumba cha wageni." Basi tumekata, na pamekuwa peupe, jua linaingia hadi chini. Anatoka na fimbo yake anapatazama.

Kila basi la jioni likipiga honi kule barabarani ananiuliza ni nani ameshuka.

Mkeo, Mama Eunike, ameshuka Kahe kupanda mahindi. Anasema jembe hajaliuza, ila anauliza uliliacha wapi.

Tuandikie upesi. Umevuka mto? Umemwona? Anafananaje sasa? Mimi namkumbuka mikono tu, alivyokuwa akinirusha juu na kunidaka.

Mpwa wako,
Theopista


Amani
26 Machi 2001

Mpwa wangu Theopista,

Salamu kwako, salamu kwa mama, salamu kwa dada Bernadetha na kila anayekula chumvi nyumbani kwetu. Natumaini mvua haiwasumbui na kwamba mama anameza. Mwambie ajikaze, maana habari ni kubwa.

Nimempata Basili.

Theo, kaka yangu ni mtu mkubwa huku! Ni msimamizi wa chai yote kutoka mtoni hadi ukingo wa msitu. Akikohoa tu, mikono yote shambani inaongeza mwendo. Lakini si mkali, hapana, ana upole ambao hata baba hakuwa nao. Mgonjwa akilala kambini ni Basili anayempelekea uji. Kijito kilipofurika wakati mmoja, yeye ndiye aliyesimama ndani ya maji hadi kifuani akawavusha wanawake na vikapu vyao, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Wasambaa wanamwita Mzee wa Kibo. Hakuna anayemzidi kwa kazi, na vidole vyake vinachuma jani bila kuliumiza.

Nyumba yake ni ya bati jipya linalong'aa ukiwa mbali. Kuizunguka amepanda masale, Theo, uzio mzima wa masale, marefu kuliko mimi, ungedhani uko kwenye kihamba chetu cha migomba. Aliondoka na shina moja kutoka nyumbani alfajiri ile. Nilipoyaona kutoka ng'ambo nilijua kabla sijaambiwa. Mkewe ni Msambaa, Mwanaidi binti Shekuwe, mwanamke mtulivu, anapika ndizi kwa namna yao na nimekula nikanyamaza.

Kusema kweli, mbele ya kaka nimejiona mdogo. Mimi nimekaa nyumbani nikala ndizi za baba, yeye amekuja mikono mitupu kwenye nchi ya watu na ameacha jina. Mtu kama huyo hazaliwi mara mbili katika ukoo.

Kumkabidhi isale mkononi bado kidogo, kwa sababu ametumwa Tanga mambo ya mashine za kiwanda, na Tanga, unajua, mambo yake hayana haraka. Lakini mwambie mama asihofu. Isale nimeliweka mahali penye unyevu, halijanyauka, na fundo lake liko vilevile.

Mjomba wako,
Melkior


Mwika
6 Aprili 2001

Mjomba,

Shikamoo. Mungu ni mwema! Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwenye kahawa, yaani pale palipokuwa na kahawa. Nimezunguka kwa majirani wote. Hata Mzee Primus, ambaye hakuwahi kukuamini kwa lolote, amesema ukirudi atakuchinjia.

Bibi alisikiliza yote hadi mwisho. Halafu akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaomba khanga yake akajifunika mabega, akakaa anatazama moto. Nikamwuliza, "Bibi, hufurahi?" Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Mjomba wako ameandika vizuri."

Amenipa maswali nikuandikie kama anavyoyasema:

"Melkior, Basili bado anakohoa wakati wa masika, au hewa ya huko imemponya?

"Bado hulala mkono chini ya shavu kama mtoto?

"Na kwa nini hakuandika mstari mmoja kabla ya kwenda Tanga, yeye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko ninyi wote? Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza ili unijibu."

Nami nakuomba, Mjomba, akirudi kutoka Tanga msikae. Njooni naye. Padre alikuja juzi na mafuta matakatifu. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuma aitwe. Amekuwa mwepesi, nikimwinua kumgeuza ni kama nainua nguo.

Jambo moja limenishangaza. Tangu siku ile ya barua hajauliza tena kuhusu basi la jioni. Nadhani ni uchovu.

Mpwa wako,
Theopista


Mwika
27 Aprili 2001

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Nimekwenda parokiani kila siku nikitoka shule, mpaka katekista ananionea huruma.

Bibi haketi tena. Nilimwambia labda barua imelowa njiani, masika haya. Akasema, "Melkior akisema, mimi hulala. Akinyamaza ndiyo namwonea huruma."

Mjomba, kama kuna jambo, liseme. Kama mjomba Basili amekataa kuja, sema. Isale halikataliki, wewe mwenyewe ulimwambia yule mama wa Korogwe.

Theopista


Amani
1 Mei 2001

Theopista,

Mimi mzima. Najua ninyi si wazima, kwa hiyo siulizi.

Basili alikufa. Alikufa masika ya mwaka juzi, kifua kilekile. Niliambiwa siku nilipovuka mto, kabla sijakuandikia ile barua ya pili.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Niliyaona masale kutoka ng'ambo nikaanza kukimbia, na magoti haya. Nikaita jina lake kwa Kichagga, kwa sauti, wachumaji wakageuka wote. Akatoka mwanamke. Hakunitazama usoni, alitazama jani nililoshika. Akaniuliza, "Wewe ni wa nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akaweka chini ndoo aliyokuwa nayo, akasema, "Umechelewa, shemeji. Karibu."

Hakuwa msimamizi. Alikuwa mchumaji tangu siku ya kwanza hadi alipolala. Nyumba ni chumba kimoja cha kambi, na bati lake lina kutu kama la kila mtu. Uji aliwapelekea wagonjwa, hilo ni kweli, wenzake wameniambia. Kijito na kuvusha wanawake niliongeza mimi. Masale ni ya kweli. Hayo sikuyaongeza.

Mwanaidi hakujua masale ni nini, alidhani ni ua la uzio. Lakini anasema kila Desemba kaka alikuwa anachagua jani moja, analifunga fundo, analiweka juu ya kabati na kusema, "Krismasi hii nampelekea mama." Krismasi inapita, jani linakauka, Desemba nyingine anakata jingine. Mwaka mmoja akamwuliza, "Kwa nini huendi basi? Si mama yako?" Akamjibu, "Mama alisema sitalala pale. Nikienda nitalala wapi?"

Hivyo ndivyo alivyosema. Nimemwomba Mwanaidi arudie mara nyingi, na kila mara ni maneno yaleyale.

Amelazwa pale chai inapoishia na msitu unapoanza. Wenzake walimzika vizuri, wameweka msalaba wa mti wa msituni na jina halina kosa. Mama aliniambia nimpe mkononi. Nilisimama pale na jani la mama nikawa sioni mkono wa kulitia. Nikalichomeka kwenye udongo upande wa kichwa, shina na fundo lake.

Halafu nikakaa kuwaandikia. Siku nyingi nilikaa na karatasi, ndiyo maana ilichelewa. Kila nilipoanza kuandika kwamba amekufa, nilimwona mama ameketi pale jikoni nawe ukimsomea kwa sauti. Kalamu ikaandika mtu aliye hai. Nilitaka alale siku moja tu akijua mwanawe ana bati. Siku moja ikawa siku mbili. Maswali yake yalipokuja sikuweza kuyajibu hata moja, maana nilijua majibu yote, Mwanaidi aliniambia. Ndiyo, alikohoa kila masika. Ndiyo, alilala mkono chini ya shavu. Hata siku ya mwisho.

Sikiliza sasa. Mwanaidi amenipa jani la mwisho alilolifunga kaka. Limekauka, rangi yake kama ya tumbaku, lakini fundo limeshika. Hilo mama anaweza kulipokea mkononi. Ningekuja nalo wiki iliyopita, ila mvua imeporomosha barabara, lori halipandi wala halishuki. Barua hii anashuka nayo kijana wa posta kwa miguu. Mimi nilijaribu, magoti yakaniangusha kwenye kona ya kwanza wakanirudisha.

Msomee mama. Usiruke kitu. Mwambie Basili naye alikuwa anamwomba, miaka yote, alikuwa anakata na kufunga. Mwambie nalileta. Mwambie aningoje.

Mjomba wako,
Melkior


Mwika
11 Mei 2001

Mjomba Melkior,

Shikamoo. Pole kwa kufiwa na kaka. Na ukae chini, maana kuna pole nyingine.

Bibi alifariki Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa anamlisha uji, akageuza uso ukutani, tukadhani amekataa uji. Tulimzika Jumatatu. Watu walikuwa wengi, mvua ilinyesha lakini hakuna aliyeondoka. Tulikutumia simu ya maandishi kwa kupitia posta ya Muheza, sijui kama ilipanda mlima.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Sikuwahi.

Lakini Mjomba, usiibebe hiyo. Alijua.

Alijua tangu jioni ile niliyomsomea habari za bati na kuvusha wanawake. Hakuniambia wakati ule, aliniambia siku chache kabla hajafa, nilipokuwa nakulaumu kwa kunyamaza. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Theo, mimi ndiye niliyemzaa Melkior. Hajawahi kumsifu mtu aliye hai zaidi ya Melkior. Yeye alimwita baba yake bahili hadi siku ya mazishi, na siku ya mazishi ndiyo akasimama akasema alikuwa simba wa Mwika. Sasa ananiletea barua nzima haina basi, haina chui, hajajitaja isipokuwa kusema amejiona mdogo. Mwanangu Basili amekufa."

Nililia. Nikamwambia, "Basi tumwandikie aseme kweli." Akasema, "Nilimwandikia yale maswali nikamfungulia mlango, hakuingia. Muache. Maisha yake yote amebeba vitu vya uongo, mabasi na Wajerumani. Huu mzigo ni wa kweli na hajui kuushika. Atautua akichoka. Akirudi mpeni mbege kwanza, asiulizwe mlangoni."

Kuhusu kuzikwa aliacha agizo. Hakutaka alazwe palepale tulipokata migomba, alitaka kando yake. Kwa hiyo kati yake na Babu imebaki nafasi ya mtu mmoja. Wazee wa ukoo waliuliza hii ni nini, kaburi la mke halikai mbali hivyo na la mume. Mama yangu akasimama mbele yao, yeye ambaye hasemi mbele za watu, akawaambia: "Ni neno la marehemu. Alisema, 'Nilitamka kwamba hatalala hapa. Nalirudisha neno langu kinywani. Hapo ni pake.'" Hakuna aliyeuliza tena.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Kisha nikaenda nikamsomea Bibi pale alipo, kwa sauti, kama ulivyoagiza, sikuruka kitu. Nilipofika mahali unaposema akungoje nilishindwa, nikaikunja.

Jani la mjomba Basili unalo na mkono wa kulipokea hatuna. Uje utuambie tufanye nini.

Mpwa wako,
Theopista


Amani
23 Mei 2001

Theo,

Marahaba mwanangu. Poleni. Mpe pole dada yangu Bernadetha, mwambie nimesikia alivyosimama mbele ya wazee.

Barabara imefunguka. Barua hii inashuka na lori la leo, mimi nashuka na la Ijumaa. Mwanaidi anakuja nami. Msimtengenezee chumba cha wageni.

Nimekata shina kwenye uzio wa kaka, bichi, lenye afya. Nitalisimika pale katikati, na lile jani lake kavu nitalizika chini ya shina, fundo likielekea upande wa mama. Mwanaidi amechota udongo kidogo wa kaburini ameufunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, huo nao utaingia humo. Kama wazee wana njia nyingine waseme, mimi sijui zaidi ya hapo.

Najua jioni watakuja kutaka habari za safari. Mzee Primus naye atakuja. Wape mbege wanywe. Nami nitakaa nao, lakini mwambie kila mtu mapema kwamba chui sikumwona. Palikuwa na mto tu, na mawe.

Leo asubuhi nilikwenda kumuaga kaka. Chai imelowa, ukungu umeshuka hadi chini, wachumaji wananisalimu bila kuonekana. Nikaliinamia isale la mama pale kichwani. Majani ya pembeni yamekauka, fundo limelegea, nikadhani limekufa. Nikalishika shinani nikalivuta.

Halikung'oka.

Mjomba wako,
Melkior